Buku Moja Ikikubamba, Ivute Ikupeleke kwa Ingine

Januari ikifika tu, simu inajaa listi. Mabuku kumi lazima usome kabla ufike thate. Mabuku za kukuomosha. Ukizicheki poa ni zile zile: Rich Dad Poor Dad, The 48 Laws of Power, Atomic Habits. Ukishuka tao, uanzie Tom Mboya ukielekea Moi Avenue, wasee wa inama wamezipanga mbele kabisa juu ndio zinatoka mbio. Sina noma nazo. Kuna masee zimesaidia kuacha kuchezea ganji yao, na hio ni kitu ya maana. Lakini msee mwenye alitengeneza hio listi hakujui. Hajui unatoka mtaa gani, hajui ni nini inakunyima usingizi, hajui ni stori gani ikipigwa base unasahau kuenda kumanga. So anakupea buku, unaanza, unaachia chapta ya pili, halafu unajiambia wewe na kusoma hamuivani. Nimeskia hio maneno kwa vijana wengi, wasee wenye wanaeza shikilia stori masaa mawili na hakuna mtu anatoka kwa base. Inaniuma kila saa naiskia, juu msee anapenda stori hivo ni msomaji tayari, ni vile hajakutanishwa na buku yake.

Form yangu ni moja. Achana na listi kwanza. Tafuta buku moja yenye ilishawahi kukubamba, hata ka ni moja tu tangu uzaliwe, halafu uivute ka uzi umetokea kwa sweta. Yenye itakuja nayo, hio ndio listi yako.

Wasee wengi wa Nairobi, ukiwauliza hio buku ni gani, watakutajia My Life in Crime ya John Kiriamiti. Brathe mkubwa alikuwa nayo, imeraruka kava, ikapitishwa kutoka bweni moja hadi ingine, ikasomwa na tochi chini ya blanketi. Kiriamiti alifungwa 1971, miaka 20, kesi ya wizi wa mabavu, na hio buku aliiandika akiwa ndani. Ilitoka 1984, mwaka wenye yeye pia alitoka jela. Jack Zollo, mwenye anapiga stori hapo ndani, anabonga na wewe ka msee mmekaa na yeye kwa ngazi ya ploti, hakufichi kitu, na tao yenye anapitia unaijua. Ndio maana ilishika watu.

Sasa vuta. Mtu wa kwanza mwenye uzi itakuletea ni Milly, dem wa Jack. Kiriamiti aliandika buku ingine, My Life with a Criminal: Milly's Story, ikatoka 1989, na hapo ni Milly anapiga stori. Yale masiku yote kwa buku ya kwanza Jack anachoma picha tao, hapa unaona mwenye alikuwa amebaki keja akingoja, hajui bwana yake hufanya mboka gani hasa. Mimi nasema hizi mbili zisomwe zikifuatana, na usiruke ya Milly ati ni ya madem. Ukimaliza hio, ile ya kwanza inabadilika kichwani. Saa zile ulikuwa unacheka unaanza kujiuliza nani alikuwa analipa bei. Halafu kuna My Life in Prison, 2004, ya msee mwenye anataka kujua jela iliisha aje.

Kutoka hapo uzi inagawanyika, na hapa ndio raha ya kuchagua inaanza. Kitu gani ilikubamba kwa Kiriamiti? Usijibu haraka. Ka ni tao yenyewe, harufu yake, vichochoro, baa za River Road, basi msee wako ni Meja Mwangi. Kill Me Quick ilitoka 1973: vijana wawili, Meja na Maina, wako na makaratasi ya shule, wamekuja tao kusaka job, job hakuna, wanaishia kumanga kwa mapipa. Soma hio leo ukiwa na digrii yako kwa bahasha ya khaki, uniambie ka si wewe uliandikiwa. Going Down River Road ya 1976 ndio naipenda zaidi. Ben na Ocholla wanajenga ghorofa tao, jina yake Development House, na jioni wanarudi kulala kwa mabati. Hio jengo inapanda floo baada ya floo na wao wako tu pale pale. Halafu kuna Baby, mtoi wa dem wa Ben, mwenye mamake anaishia na kumwachia yeye. Si damu yake. Anamchukia, anampiga vita, na bado hawezi kumtupa. Sijasoma kitu ingine inabonga hivo juu ya mwanaume wa Nairobi na mtoi si wake, na hio ni stori tunaijua kwa kila ploti.

Na ka ni ile mdomo ya Jack ndio ilikubamba, ile kubonga bila kuomba msamaha, rudi nyuma kidogo hadi 1971, Son of Woman ya Charles Mangua. Dodge Kiunyu amezaliwa na malaya, amelelewa Eastleigh, amesoma hadi chuo kikuu, na haoni aibu kukuambia yote. David Maillu naye akaja na After 4.30 mwaka wa 1974, ameipanga ka shairi refu, sauti za maofisi na vitanda vya tao baada ya saa za kazi. Mabuku zake Tanzania walizipiga marufuku. Onyo moja: venye hawa wazae wawili wanabonga juu ya madem, kuna mahali utakasirika. Ukasirike. Halafu hio hasira ndio ikuchagulie buku inayofuata.

Yangu ilinichagulia Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya 1986. Paulina ako na miaka 16, anatoka Nyanza na treni 1956, saa ya Emajensi, kuja kwa bwana yake Pumwani. Ni tao ile ile, ni miaka tu kidogo kabla ya akina Dodge, lakini sasa unaiona na macho ya manzi hajui hata njia ya kurudi nyumbani akitoka hospitali. Anapotea na anaogopa, na polepole, miaka ikienda, anakuwa mtu wake mwenyewe na nchi inakua na yeye. Macgoye mwenyewe alizaliwa Uingereza, akakam Kenya 1954 kuuza vitabu, akaolewa Mjaluo, akabaki hadi akafa 2015. Kwa miaka alisimamia duka ya vitabu hapa tao, ya S.J. Moore, na waandishi walikuwa wanakutana hapo. Mtu ameuza vitabu hivo anajua msomaji anataka nini. Buku yake ni nyembamba na haina maneno ya bure.

Umeona vile imeenda? Buku moja ya msee wa kuiba benki imekufikisha kwa Paulina Pumwani, na hakuna mtu amekutumia listi.

Kuna uzi ingine watu hawaivuti juu shule iliifunga na kamba. Setibuku. Hii nitabonga polepole juu inanigusa.

Wengi wetu tulikutana na riwaya za Kiswahili daro, odijo amesimama mbele na mwongozo mkononi. Fafanua maudhui. Jadili sifa za mhusika. Taja mbinu za uandishi, mifano sita. Ulikuwa unasoma ukitafuta alama, si stori, na siku ulimaliza KCSE ulitupa buku chini ya kitanda na Kiswahili chote pamoja. Sasa hakuna mtu atakuuliza mbinu. Rudi uchukue moja. Siku Njema ya Ken Walibora, 1996, kijana anaitwa Kongowea Mswahili anatoka Tanga, mamake mwimbaji wa taarab ameaga, na anavuka mpaka akimtafuta babake hadi Kitale. Ukiondoa mtihani inabaki kijana hana mtu, kwa barabara, anaulizia jina la mwanaume hajawahi kumjua. Masee wangapi kwa base yenu wako na hio stori? Walibora tulimpoteza Aprili 2020, hapa Nairobi, aligongwa na mat. Kidagaa Kimemwozea ni yake pia, na kizazi kizima cha Fomu Foo waliibeba kwa begi. Isome sasa ukiwa mtu mzima unalipa ushuru, uone Mtemi Nasaba Bora atakukumbusha nani.

Kiswahili ikishafunguka hivo, Tanzania yote inakungoja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, na ukiisoma unaelewa watu wazima waliogopa nini: inasema wazi vile mzazi mkali anaeza haribu msichana mwenye alikuwa anataka kumlinda. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999, ni Zanzibar ya masiku za mkoloni, Yasmin mwenye ameozwa mzee kwa nguvu na anatoroka, halafu anakutana na Denge mwenye anasakwa na polisi kwa siasa zake. Hio imetengenezwa sinema 2021 na Amil Shivji, so unaeza anzia kwa filamu ukam kwa buku, hakuna mtu atakushika. Ka unapenda upelelezi, Mohammed Said Abdulla alikuwa na Bwana Msa na kiko yake tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Elvis Musiba naye alitupea Willy Gamba kwa Kufa na Kupona, 1974, na hio inakimbia ka filamu ya kupigana.

Sheng pia isikose kwa listi. 2003 Binyavanga Wainaina na mbogi yake walianzisha jarida ya fasihi, Kwani?, mwaka mmoja baada ya yeye kushinda Caine Prize, na hapo ndani kukawa na Sheng imeprintiwa bila kuomba ruhusa, ikikaa kando ya Kizungu safi. Kwa Kwani? ndio Weight of Whispers ya Yvonne Adhiambo Owuor ilitoka, ikashinda hio Caine Prize 2003. Ukipata kopi ya zamani kwa inama, shika bila kufikiria mara mbili. Na kuna Shujaaz, komiki ya Sheng ilianza 2010, ilikuwa inakam bure ndani ya gazeti na kwa vibanda za M-Pesa. Mtoi hataki riwaya, mpe hio kwanza. Kuona maneno zako kwa karatasi, zimepewa heshima, inafanya mtu akae wima.

Sasa tubonge venye unachagua ukiwa umesimama kwa pavement na mwenye kuuza anakuangalia.

Usisome ukurasa wa kwanza. Huo mwandishi aliusugua mpaka ukang'aa. Fungua katikati, soma kurasa mbili, na ka unaeza, msomee mtu ama jisomee kwa sauti ya chini. Maneno ikikwama kwa ulimi, ama ukijipata umesoma mstari na hujaskia kitu, rudisha na heshima. Ukijipata unataka kujua huyo Ocholla alifanya nini kabla ya hapo, toa soo. Halafu geuza nyuma. Zile za kava ya rangi ya chungwa, African Writers Series ya Heinemann, zilianza 1962 na Things Fall Apart ikiwa namba moja, na Chinua Achebe mwenyewe ndio alikuwa mhariri mshauri. Kurasa za mwisho za hizo mabuku huwanga na majina ya zingine za series, na namba zao. Weep Not, Child ya Ngũgĩ ni namba saba. Hio ni listi ya maana umepewa bure ndani ya buku ya soo mbili. Nimejua waandishi wengi hivo kuliko njia ingine yoyote.

Bonga na mwenye anauza pia. Wazae wengine wa inama wamesoma kila kitu wamepanga hapo chini. Sema tu, "Mzae, nimemaliza Kiriamiti, nipee yenye inafuatana." Wangu alinijibu, "Kijana, hio njaa yako si ya wezi, ni ya tao," akachimba chini ya mabuku za udaktari akatoa The Cockroach Dance ya Meja Mwangi. Dusman Gonzaga, msomaji wa mita, anaishi Dacca House na kombamwiko zake. Hakuna algorithm ingenisoma hivo.

Na ukiuliza mbogi yako, badilisha swali. Usiulize buku gani ni poa, juu mtu atakutajia yenye inamfanya aonekane mjanja. Uliza, "Ni gani ulisoma ukairudia tena?" Hapo mtu ananyamaza kidogo, anafikiria, na jibu yenye inatoka huwa ya ukweli.

Doo isikusumbue sana, na pia usidharau hio shida, juu iko. Buku mpya ya mwandishi wa hapa inaeza gonga thao na kitu, na tangu 2013 serikali iliweka VAT ya asilimia 16 kwa vitabu. Mimi hio naona ni makosa makubwa, kutoza mtoi wa Dandora ushuru akitaka kusoma. Lakini kuna kitu nataka tukubaliane. Mtumba wa vitabu ni sawa, hio buku ililipiwa mara ya kwanza. Fotokopi imebandikwa kava ni ingine. Unaijua: wino umefifia, kurasa zimepinda, gundi inaachilia wiki ya kwanza. Hapo mwandishi hapati hata ashu, na ni huyo huyo tunataka aandike ingine. Ukiwa umesota, kopa kwa rafiki ama uende laibo. Ukipata kidogo, pitia Nuria hapo Moi Avenue, wamejaza waandishi wa hapa wenye wamejichapishia wenyewe, na uko na nafasi ya kushika buku kabla dunia iijue.

Laibo nayo ni haki yako, usiogope mlango. McMillan, ile ya Banda Street iko na simba wa mawe mbele, ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia kusoma. Leo ni ya kaunti, ni yako, na iko na watoto wake wawili Eastlands, Kaloleni na Makadara. Tangu 2017 Book Bunk, yenye ilianzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wamekuwa wakizirudishia uhai. Ukienda Kaloleni utapata watoi wamelala chini kwa tumbo wakisoma, na hakuna mtu anawafukuza. Mimi buku yenye sina uhakika nayo naijaribu huko kwanza, juu hata ikikosa kunibamba sijapoteza kitu. Koinange mwenyewe ameandika The Havoc of Choice, juu ya familia moja na ile kura ya 2007. Ukitaka kujua kwa nini wazazi wetu hunyamaza hio mwaka ikitajwa, weka hio.

Listi isiwe ndefu. Ikizidi tano inaanza kukuangalia vibaya. Na buku ikikataa, itoe, labda saa yake haijafika. Nagona ya Kezilahabi, ile ya 1990, ni nyembamba lakini ni nzito, na kuna msee anaipata akiwa na miaka 19 na mwingine akiwa na 40. Ingoje.

Saizi yangu iko hivi. The Dragonfly Sea ya Owuor, juu nataka kukaa Pate na Ayaana nione bahari yenye Nairobi tunasahau ni yetu pia. Peponi, ile Ida Hadjivayanis ametafsiri kutoka Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mwenye alishinda Nobel 2021. Yusuf ni mtoi anatolewa kwa mfanyabiashara juu ya deni ya babake, na nimengoja sana kumskia kwa Kiswahili. Halafu Kuli ya Adam Shafi, 1979, na hio nimeiweka juu kabisa. Ni stori ya Rashidi na wabebaji mizigo wa bandari ya Zanzibar, vile walikuwa wanafinywa na vile waligoma. Mbuyu yangu amebeba magunia Marikiti maisha yake yote, na sijawahi kumwona na buku mkononi juu hakuna mtu alimpea yenye iko na yeye ndani. Nitamsomea chapta moja jioni akishatoka job, na ikimbamba, naachia yeye aendelee nayo, mimi nitatafuta kopi ingine.